Madoa Meupe kwenye Tangi la Maji Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kuhamisha Samaki Kila Saa 72

Kilio ni kilekile kila mwezi. Samaki ametoka madoa meupe, mwenyewe ametia kitunguu saumu kwenye chakula, siku ya 5 madoa yamepukutika na kila mtu amefurahi. Wiki mbili hazijaisha, madoa yanarudi kwa wingi kuliko mwanzo na tangi zima linahema. Mwenyewe anatia kitunguu saumu tena. Safari hii hakisaidii, na ukweli ni kwamba hata mara ya kwanza hakikusaidia.

Madoa yale huondoka yenyewe. Kila doa ni kimelea, jina lake la kitaalamu Cryptocaryon irritans, kilichojizika kwenye ngozi ya samaki, kikala kikashiba, kisha kikashuka chini kwenda kuzaliana. Samaki anaonekana safi siku ileile ambayo tangi lako limejaa vimelea kuliko siku nyingine yoyote. Ndiyo maana kazi ni mbili na zinakwenda sambamba: kumkimbiza samaki asikutane na kizazi kipya, na kuliacha tangi bila samaki hata mmoja mpaka vimelea vife njaa. Ukifanya moja ukaacha ya pili, umechosha samaki bure.

Nimechagua njia ya kuhamisha samaki badala ya dawa kwa sababu dawa ya shaba bila kipimo cha kuaminika ni sumu, na vipimo hivyo ni shida kuvipata kwenye miji yetu mingi. Mabeseni yanapatikana kila mahali.

## Kabla ya yote, hakikisha ni ugonjwa huu

Njia hii inatibu ugonjwa mmoja tu. Washa tochi, mtazame samaki kwa ubavu.

Madoa meupe ya kawaida: punje zinazohesabika, ukubwa wa chembe ya chumvi, kwenye mapezi na mwilini. Samaki anajikuna kwenye mawe lakini bado anakula.

Ugonjwa wa vumbi (Amyloodinium): unga laini wa rangi ya kijivu au dhahabu ambao huwezi kuuhesabu. Samaki anahema mbio, anakwepa mwanga, anajisogeza kwenye mkondo wa pampu, chakula hataki. Huu unaua kwa siku chache, na kuhamisha samaki hakuuzuii. Hapa shaba au klorokwini ni lazima, na ni leo, si kesho.

Ute unaobanduka vipande vipande, hasa kwa samaki wa klauni: huyo ni kimelea kingine, Brooklynella. Shaba haimgusi, anatibiwa kwa fomalini.

Macho yenye ukungu na kujikuna bila madoa: shuku minyoo bapa ya ngozi. Dawa yake ni prazikwanteli.

Uvimbe mmoja mmoja kama koliflawa kwenye pezi: ni virusi. Hauambukizi kwa kasi na mara nyingi huisha wenyewe maji yakiwa mazuri. Usimtese samaki.

Usipoona doa lolote lakini samaki anahema haraka, usijipe moyo. Kimelea hupenda matamvua, na huko huwezi kukiona kwa macho.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kugusa samaki. Wengi wanaoshindwa walianza wakiwa na nusu ya vifaa.

- Mabeseni au mapipa 2 ya plastiki ya kuhifadhia chakula, lita 40 hadi 60 kila moja, kwa samaki mmoja au wawili wadogo. Kangaja mkubwa anahitaji lita 100.
- Pampu ya hewa 1, na mirija miwili tofauti. Mawe ya hewa 4, kila hamisho jipya.
- Hita 2 na vipimajoto 2. Aliye Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari anaweza kuishi bila hita. Aliye Nairobi mwezi wa Julai hawezi.
- Viwiko vya bomba la PVC, seti 2, vya samaki kujificha.
- Chujio la plastiki la jikoni, jipya, lisilowahi kuguswa na sabuni.
- Rifraktomita ya kupima chumvi. Haidromita ya mshale inadanganya. Kama huna budi kuitumia, linganisha na ya mwenzako.
- Kipimo cha amonia, na dawa ya kufunga amonia.
- Dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato, na dawa ya kuondoa klorini.
- Kipande cha neti cha kufunikia. Samaki atakayeruka usiku wa kwanza ni yule uliyempenda zaidi.
- Tangi la kusubiria lenye filta ya sponji. Nitalieleza hatua ya 6, ila lianze siku moja na mabeseni.
- Maji chumvi safi, mara 4 ya ujazo wa beseni, bila kuhesabu ya tangi la kusubiria.

Tia alama: kila kitu cha beseni A kifungwe utepe mwekundu, cha B utepe wa buluu. Havikopeshani, hata kijiko.

## Hatua ya 1: Tengeneza maji yasiyo na vimelea

Ukitumia chumvi ya tangi ya kuchanganya, weka takriban gramu 35 kwa lita ya maji yaliyoondolewa klorini, pitisha hewa usiku kucha, pima kwa rifraktomita: unatafuta 1.025. Chumvi ya kupikia haifai, hata ile ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Imebaki chumvi tupu, madini mengine ya bahari yameondoka.

Ukichota baharini, chota maji yanapojaa, mbali na bandari na midomo ya mito. Wakati wa masika pima kwanza, kwa sababu maji ya mvua hushusha chumvi ya ufukweni kuliko unavyodhani. Chuja kwa kitambaa chenye nyuzi za karibu. Kisha tia klorini: mililita 30 za dawa yenye nguvu ya 3.5% kwa kila lita 100, hewa ikipita, saa 24. Halafu tia dawa ya kuondoa klorini mpaka kipimo cha klorini cha mabwawa ya kuogelea kisome sifuri.

Sababu: maji mabichi ya bahari yanaweza kukuletea kimelea unachokikimbia.

Tahadhari: usinuse ndoo ukasema klorini imeisha. Pua haitambui kiasi kidogo kinachoweza kuunguza matamvua.

Umefaulu maji yakiwa maangavu, 1.025, joto sawa na la tangi kuu, klorini sifuri.

## Hatua ya 2: Panga ratiba kabla ya kuanza

Kimelea hukaa kwenye samaki siku 3 hadi 7. Kikidondoka, mara nyingi gizani, hutambaa saa kadhaa, kisha hujibandika kwenye mchanga, jiwe au kioo na kujijengea kifuko. Humo hugawanyika, na kifuko kikipasuka hutoka vimelea vichanga, mara nyingine zaidi ya 200. Kila kimoja kina siku moja au mbili za kupata samaki, kikikosa kinakufa.

Sasa tazama namba yenye siri yote: kifuko hakipasuki kabla ya siku 3 hivi. Samaki akiondoka kabla ya saa 72, watoto wa kimelea wanazaliwa kwenye beseni tupu. Na kwa kuwa hakuna kimelea kinachozidi siku 7 mwilini, mahamisho 4 ya siku tatu tatu yanavipukutisha vyote.

Kwa anayeanza Jumatatu saa 1 asubuhi (mahamisho 4 ya kuingia mabeseni, la 5 ni la kutoka):

1. Jumatatu: kutoka tangi kuu kwenda A
2. Alhamisi: A kwenda B
3. Jumapili: B kwenda A iliyokaushwa
4. Jumatano: A kwenda B iliyokaushwa
5. Jumamosi: B kwenda tangi la kusubiria

Asubuhi ni bora kuliko jioni, maana vinavyodondoka usiku unaviacha nyuma. Kuwahi kwa saa 2 au 3 hakuna ubaya. Kuchelewa kwa saa 6 kunaweza kufuta kazi yote. Ukijua una harusi Jumapili, badilisha siku ya kuanza, si siku ya kuhamisha.

## Hatua ya 3: Toa samaki wote kwenye tangi kuu

Wote. Aliye na madoa, asiye na madoa, na yule mdogo anayekaa shimoni ambaye hujamwona wiki nzima. Samaki mmoja akibaki, vimelea vina chakula, na siku 76 za kusubiri (hatua ya 7) zinageuka siku 76 za kufuga vimelea.

Kwenye tangi lenye mawe mengi, hakuna njia ya mkato: toa mawe, punguza maji mpaka theluthi, ndipo ukamate. Kukimbizana na samaki kwa wavu katikati ya matumbawe kunawachosha ninyi wawili, na samaki aliyechoka ndiye anayekufa beseni la kwanza.

Linganisha joto na chumvi ya beseni na ya tangi kuu kabla. Samaki huvumilia kushuka kwa chumvi kuliko kupanda, kwa hiyo kama kuna tofauti, beseni liwe chini kidogo.

Umefaulu samaki akiwa ndani ya kiwiko cha PVC, anahema kwa utulivu, na jioni yake anaokota chakula.

## Hatua ya 4: Siku mbili za katikati

Beseni halina filta ya kibiolojia, yaani ya bakteria wanaomaliza amonia, na halitakiwi kuwa nayo, kwa sababu sponji ni nyumba nzuri ya vifuko. Maana yake amonia inapanda tangu saa ya kwanza.

Lisha kidogo mara moja au mbili kwa siku. Baada ya dakika 10 nyonya mabaki na kinyesi kwa bomba kubwa la sindano. Pima amonia asubuhi na jioni. Ikikaribia 0.5 mg kwa lita, tia dawa ya kuifunga kwa kipimo cha lebo, au badilisha nusu ya maji kwa yale uliyoandaa.

Umeme ukikatika, jiwe la hewa likinyamaza, samaki wa beseni hana saa nyingi. Pampu ndogo ya betri iwe mezani, si kwenye orodha ya kununua. Ukikosa, chota maji kwa kikombe safi na kuyamwaga kutoka juu, kila dakika chache, mpaka umeme urudi.

Usishtuke siku ya 2 au 3 madoa yakiongezeka. Hivyo ni vimelea vilivyokuwa tayari ndani ya ngozi, sasa vimenenepa mpaka vikaonekana. Hapa ndipo wengi huacha njia hii na kukimbilia kumwaga dawa tatu pamoja.

## Hatua ya 5: Kuhamisha kwenyewe

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa, nayo huchukua dakika 5 tu.

Jaza beseni jipya kwa maji mapya, washa hewa na hita saa moja kabla, pima joto na chumvi kwa mara ya mwisho. Toa viwiko kwenye beseni la zamani ili samaki asiwe na pa kujificha. Mzungushie chujio kutoka chini, mwinue taratibu, acha maji yachuruzike kwa sekunde 2 au 3, mwingize upande wa pili. Hakuna kikombe cha maji ya zamani kinachokwenda naye.

Wavu wa nyuzi uuache. Kangaja ana mwiba kama kisu kidogo pembeni mwa shina la mkia. Akinaswa anajipinda, nyuzi zinajifunga kwenye mwiba, na ukimvuta unamchana. Chujio la plastiki halina cha kunasa. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu hata akitulia.

Samaki akishahama, usirudishe mkono wako kwenye beseni la zamani kisha kwenye jipya. Osha mikono, kausha, ndipo urekebishe chochote. Mabeseni yakae mbali na tangi kuu, chumba kingine ikiwezekana, kwa kuwa mapovu ya jiwe la hewa hurusha matone.

Sasa beseni la zamani. Mwaga maji yote. Sugua kuta kwa sifongo utakayoitupa. Loweka beseni, hita, viwiko, mrija na chujio kwenye maji yenye mililita 10 za dawa ya klorini kwa lita, nusu saa. Suuza mara nyingi, kisha anika juani mpaka vikauke kabisa, saa 24 au zaidi. Kukauka ndiko kunakomaliza kifuko. Klorini ni msaidizi. Jiwe la hewa tupa, lina matundu yasiyokauka.

Tahadhari: usichanganye dawa ya klorini na siki. Hewa inayotoka inaumiza mapafu ya binadamu.

Umefaulu kama hamisho la 2 linakuta madoa yamepungua, la 3 yakiwa machache au hayapo, na la 4 samaki ni safi na ana njaa. Ukiona madoa mapya baada ya hamisho la 4, kuna mahali pamevuja: ulichelewa, kifaa hakikukauka, au si ugonjwa huu. Rudi kwenye tochi, kisha anza kuhesabu upya.

## Hatua ya 6: Tangi la kusubiria

Samaki sasa ni safi, lakini hana pa kurudi kwa miezi miwili. Tangi hili liwe tupu chini, bila mchanga wala mawe, lenye filta ya sponji na vijificho vya PVC.

Shida ni sponji. Ushauri unaosikika kila mahali ni kuchukua sponji iliyokomaa kwenye tangi kuu. Kwa kawaida ni ushauri mzuri. Hapa ni kumpelekea samaki vifuko mlangoni. Nunua bakteria wa chupa, watie siku ya kwanza ya mahamisho, na uwape chakula kidogo cha samaki kioze. Siku 12 mara nyingi hazitoshi kukomaza sponji, kwa hiyo endelea kupima amonia kila siku na kubadilisha maji wiki mbili za mwanzo.

Hapa pia ndipo pa kumaliza minyoo bapa, maana mahamisho hayaiondoi: prazikwanteli 2.5 mg kwa lita, na dozi ya pili baada ya siku 7. Hewa iwe nyingi dawa ikiwa ndani.

## Hatua ya 7: Tangi kuu bila samaki siku 76

Kifuko kilichochelewa kuliko vyote katika uchunguzi wa maabara kilipasuka baada ya siku 72. Ongeza siku chache za kichanga kutafuta samaki na kumkosa, unapata 76. Hesabu inaanza siku samaki wa mwisho alipotoka. Akitoka 1 Machi, hakuna samaki anayerudi kabla ya 16 Mei.

Matumbawe, kamba, kaa na konokono wanabaki. Kimelea hiki hakiwali. Endelea na taa, pampu, na maji yasiyo na chumvi ya kufidia yanayokauka. Joto likae 26 au 27. Tupia punje chache za chakula mara mbili kwa wiki ili bakteria wa mawe wasife njaa, la sivyo siku samaki wanarudi amonia itawapokea.

Usitie dawa yoyote kwenye tangi hili. Shaba inaua kamba na matumbawe, inajificha ndani ya mawe, na inaweza kuvuja baadaye.

## Kama mahamisho hayawezekani

Samaki wakubwa au wengi, huwezi kuwakamata kila siku ya tatu. Una njia mbili, zote nje ya tangi kuu.

Kupunguza chumvi. Shusha hadi 1.009 kwa siku 2, ishike hapo siku 30 bila kupanda, kisha pandisha taratibu kwa siku 5 hadi 7. Ikipanda hata 1.012 usiku mmoja, anza kuhesabu upya. Rifraktomita isiyosawazishwa haifai kabisa kwa kazi hii. Haitibu ugonjwa wa vumbi, na samaki aina ya taa na papa haiwafai.

Shaba. Shaba ya kawaida hushikwa kati ya 0.15 na 0.20 mg kwa lita. Zile zilizofungwa kikemikali zina namba zake, nyingine zaidi ya 2 mg. Namba ya dawa moja usiitumie kwa nyingine. Muda ni siku 30 na kipimo kila siku. Ukiwa na shaba ndani, usitie dawa ya kufunga amonia kabla ya kusoma lebo zote mbili, maana baadhi hugeuza shaba kuwa kali zaidi. Na mrututu (salfeti ya shaba) wa duka la pembejeo, wa kukadiria kwa kijiko, uache shambani.

## Kuzuia usirudi

Baharini kimelea kichanga kinatafuta samaki katika maji yasiyo na mwisho, na vingi vinakufa bila kumpata. Kwenye tangi la lita 300, samaki analala palepale kila usiku juu ya vifuko vyake. Kwa hiyo samaki mzima kabisa kutoka mwambani anaweza kuwa na vimelea viwili visivyoonekana, na mwezi mmoja baadaye tangi limekwisha. Kangaja wa buluu mwenye koo jeupe, anayepatikana kwenye miamba yetu na anayependwa na kila mtu, ndiye huwa wa kwanza kuonyesha.

Kila samaki mpya apite mahamisho 4 kabla ya kuingia, hata kama muuzaji ameapa. Maji ya mfuko wake yamwagwe sinki.

Kamba wa kusafisha ni mzuri kumtazama, ila hachimbui kimelea kilichozikwa ndani ya ngozi. Taa ya miale ya UV hupunguza vichanga vinavyopita kwenye mrija; vile vinavyoibuka mchangani chini ya samaki havifikii mrija.

Kinachosahaulika ni vitu visivyo samaki. Kifuko hujibandika kwenye gamba la konokono, mguu wa tumbawe na jiwe lenye unyevu sawa na kinavyojibandika kwenye kioo. Ukinunua tumbawe kutoka duka ambalo maji yake yanazunguka pamoja na ya samaki, liweke siku 76 kwenye chombo chenye taa na bila samaki. Kama huna nafasi hiyo, mtafute muuzaji ambaye matangi yake ya matumbawe hayana samaki wala hayaunganiki na yenye samaki, na umwombe akuonyeshe mabomba yanapopita.